Kwa Jina la Yesu Kristo Bwana Wetu: Tunaposema Hivi Tunasema Nini?



Karibu kila kikundi tunachotembelea hufungua mkutano kwa sala, na sala hiyo humalizika kwa maneno yale yale: kwa jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina. Kisha mwenyekiti anaketi, katibu anafungua kitabu, na mweka hazina anaanza kuita majina. Maneno hayo tumeyazoea kama njia ya kwenda mtoni. Lakini mtu akituuliza yana maana gani, wengi wetu tutajikuna kichwa.

Siku hizi tunaulizwa. Kijana anarudi kutoka mjini amesikia ati Yesu hakuwahi kuishi, au ati alifanywa Mungu kwa kura ya maaskofu. Jirani yetu Mwislamu, ambaye pia ni mwanachama wa kikundi, anauliza kwa heshima: Isa twamjua ni nabii, ninyi mwasema ni zaidi ya nabii, kwani ni nani? Mhubiri anafika sokoni na kipaza sauti, anamwambia mama mjane kwamba damu ya Yesu itafanya kazi nyumbani kwake akishatoa mbuzi wake wa mwisho. Na mwanachama aliyeshindwa kulipa mkopo anaacha kuja mkutanoni, halafu kwa aibu anaacha hata kuja kanisani.

Haya yote yana mzizi mmoja: Yesu ni nani, na alitufanyia nini? Maswali haya mawili hayatengani. Asiyejua Yesu ni nani hawezi kuelewa alichofanya, na asiyeelewa alichofanya ni rahisi kumuuzia kitu ambacho tayari amepewa bure.

Basi tuyachukue maneno yale manne moja moja: Yesu, Kristo, Bwana, wetu. Kikundi kinaweza kusoma neno moja kila mkutano, kabla ya kugeukia hesabu.

YESU: MTU WA KWELI, WA KIJIJI CHA KWELI

Yesu ni jina la mtu. Kwa Kiebrania ni Yeshua, jina ambalo Wayahudi wengi walipewa, nalo lina maana ya kwamba Mungu huokoa. Alizaliwa wakati wa mfalme Herode, na kwa kuwa Herode alikufa mwaka wa 4 kabla ya hesabu ya kalenda yetu kuanza, wanahistoria wengi husema Yesu alizaliwa miaka michache kabla ya hapo. Alikulia Nazareti, kijiji kidogo cha Galilaya ambacho Agano la Kale halikitaji hata mara moja. Alikuwa fundi. Luka anatuambia alipoanza kufundisha hadharani umri wake ulikuwa kama miaka 30. Maanake sehemu kubwa ya maisha yake aliishi kama wengi wetu tunavyoishi: kazi ya mikono, jirani zake, sinagogi yake, na kodi za serikali.

Alisulubiwa Yerusalemu wakati wa Pontio Pilato, aliyekuwa liwali wa Uyahudi kuanzia mwaka wa 26 hadi 36. Habari hii haiko katika Biblia peke yake. Mwandishi Myahudi aitwaye Josephus, mwishoni mwa karne ya kwanza, aliandika juu ya kuuawa kwa Yakobo, ambaye anamtambulisha kuwa ndugu ya Yesu aitwaye Kristo. Mrumi aitwaye Tacitus, ambaye hakuwapenda Wakristo hata kidogo, aliandika mwanzoni mwa karne ya pili kwamba Kristo aliuawa na Pilato wakati Tiberio alipokuwa Kaisari. Kwa hiyo kijana akisema Yesu ni hadithi tu, tumjibu kwa upole kwamba hata maadui wa imani hawakusema hivyo.

Tena alikuwa mtu kamili. Alichoka akakaa kisimani. Alilala ndani ya mashua huku dhoruba ikivuma. Alilia kwenye kaburi la rafiki yake Lazaro. Huko Gethsemane aliogopa kifo, akaomba kama kinaweza kuondolewa. Wako Wakristo wanaoona aibu kusema hivyo, kana kwamba tunamshusha. Tangu zamani walikuwako watu waliofundisha kwamba Yesu alionekana tu kama mtu, mwili wake ukiwa mfano wa kivuli. Kanisa liliwakataa. Kama hakuwa na mwili wa kweli, hakuteseka kweli. Na kama hakuteseka kweli, mama anayezika mtoto wake leo hana mtu mbinguni anayejua uchungu huo.

KRISTO: ALIYEPAKWA MAFUTA

Watu wengi hudhani Kristo ni jina la ukoo, kama lile la babu tunaloandika kwenye kitambulisho. Sivyo. Kristo ni cheo. Ni neno la Kigiriki lenye maana ya aliyepakwa mafuta, na kwa Kiebrania ni Masihi. Hata Kurani inamwita Isa kwa cheo hicho cha Masihi, ingawa haikielezi kama sisi tunavyokieleza.

Katika Israeli ya zamani mtu alipowekwa katika kazi ya Mungu alimiminiwa mafuta kichwani. Makuhani walipakwa, wafalme walipakwa, na nabii Eliya aliambiwa ampake Elisha kuwa nabii badala yake. Kwa sababu hiyo walimu wa Kanisa wameieleza kazi ya Kristo kwa kutumia kazi hizi tatu.

Nabii huleta neno la Mungu kwa watu. Yesu alifundisha kwa mifano ya mbegu, vibarua, kondoo, chachu na madeni, mambo ambayo mtu wa shamba anayaelewa bila kamusi. Lakini manabii wengine walileta neno walilopewa, naye Yohana anasema Yesu ndiye Neno lenyewe aliyefanyika mwili.

Kuhani husimama mbele za Mungu kwa niaba ya watu, akitoa sadaka. Barua kwa Waebrania inaeleza kwamba makuhani wa zamani walitoa sadaka kila siku na kila mwaka kwa sababu kazi yao haikukamilika kamwe. Yesu alijitoa mwenyewe mara moja tu, na hiyo mara moja ilitosha.

Mfalme hutawala na kulinda. Watu wengi wakati huo walingoja Masihi wa upanga, atakayewafukuza Warumi. Yesu aliingia Yerusalemu juu ya punda, na taji aliyovishwa ilikuwa ya miiba. Ufalme wake ni wa kweli, lakini aliwaambia wanafunzi kwamba kwake mkubwa ni yule anayetumika. Wenyeviti wa vikundi, sikieni!

BWANA: JE, NI MUNGU?

Sasa tumefika mahali pagumu, tusikimbie. Neno Bwana kwa Kiswahili twalitumia kwa watu wengi: bwana shamba, bwana harusi, bwana mkubwa. Lakini Wayahudi waliosoma Maandiko kwa Kigiriki walitumia neno Bwana mahali pa jina lenyewe la Mungu. Wakristo wa kwanza, ambao walikuwa Wayahudi waliofundishwa tangu utotoni kwamba Mungu ni mmoja tu, walichukua neno hilo hilo wakamwita Yesu. Walijua walichokuwa wanasema. Yesu mwenyewe alimwambia mtu aliyepooza kwamba amesamehewa dhambi, na waandishi wakanung'unika kwamba hiyo ni kazi ya Mungu peke yake. Tomaso alipomkiri kuwa Bwana na Mungu wake, hakukemewa.

Je, ni kweli kwamba maaskofu walimfanya Mungu kwa kura? Tutazame historia. Karibu mwaka wa 112 liwali Mrumi aitwaye Pliny, katika jimbo la Bithinia ambalo leo ni sehemu ya Uturuki, alimwandikia Kaisari Trajan barua kuhusu Wakristo aliowahoji. Alieleza kwamba walikuwa wakikutana alfajiri siku fulani na kumwimbia Kristo kama Mungu. Hiyo ilikuwa zaidi ya miaka 200 kabla ya mkutano ule wa maaskofu. Tena mji wa Nikea, ambako mkutano ulifanyika, uko katika jimbo hilo hilo la Bithinia. Kwa hiyo maaskofu hawakuanzisha ibada ya Yesu. Waliikuta, wakalazimika kuieleza.

Ugomvi wenyewe ulianzia hapa Afrika, katika mji wa Aleksandria nchini Misri. Padre mmoja aitwaye Arius alifundisha kwamba Mwana ni mkuu kuliko viumbe vyote, lakini naye ni kiumbe, na kulikuwa na wakati ambapo hakuwako. Mafundisho yake yalipendwa na wengi, nayo yakaenea hata kwa nyimbo. Kaisari Constantine akaitisha mkutano wa maaskofu huko Nikea mwaka wa 325. Mkutano ulikiri kwamba Mwana ni wa asili moja na Baba, wala hakuumbwa. Hiyo ndiyo asili ya Imani ya Nikea, ambayo Wakatoliki, Waanglikana, Waorthodoksi na wengine wengi huikiri kanisani hadi leo. Mwaka wa 2025 ilitimiza miaka 1,700.

Aliyetetea imani hiyo kuliko wote alikuwa Mwafrika mwingine, Athanasius, ambaye alikuwa Nikea kama shemasi kijana na baadaye, mwaka wa 328, akawa askofu wa Aleksandria. Wakubwa wa serikali walibadilika wakawa upande wa Arius, naye Athanasius akafukuzwa mjini kwake mara tano. Kwa nini alisumbuka hivyo kwa ajili ya neno moja? Hoja yake ni rahisi kueleweka: kiumbe hakiwezi kuokoa kiumbe kingine. Mtu aliyetumbukia kisimani haokolewi na mwenzake aliye ndani ya kisima kile kile, hata kama mwenzake huyo ana nguvu na tabia njema. Anaokolewa na aliye juu, mwenye kamba.

Baadaye swali likageuka: kama ni Mungu, ubinadamu wake uko wapi? Mkutano wa Kalkedonia mwaka wa 451 ukakiri kwamba Yesu Kristo ni nafsi moja, Mungu kweli na mtu kweli, bila asili hizo mbili kuchanganyika na bila kutengana. Yeye si nusu Mungu nusu mtu kama uji wa unga wa aina mbili. Ndugu zetu Wakopti wa Misri na Waorthodoksi wa Ethiopia hawakukubali maneno ya Kalkedonia, na mgawanyiko huo ulidumu karne nyingi. Lakini mwaka wa 1973 Papa Paulo wa Sita na Papa Shenouda wa Tatu wa Wakopti walitia sahihi tamko la pamoja wakikiri kwamba Yesu ni Mungu kamili na mtu kamili. Wakati mwingine watu wanaogombana kwa maneno huwa wanalinda kitu kile kile.

Jirani yetu Mwislamu hatakubaliana nasi hapa, nasi tusimlazimishe wala tusimcheke. Yeye anaogopa kumshirikisha Mungu na kitu kingine. Tumweleze tu kwamba sisi hatusemi mtu fulani alipanda akawa Mungu. Twasema Mungu mmoja, kwa upendo wake, alishuka akawa mtu. Tukishaeleza vizuri, tuendelee kuchimba kisima pamoja.

WETU: ALITUFANYIA NINI?

Neno la mwisho ni fupi, nalo ndilo linalogusa nyumba zetu. Agano Jipya halielezi kazi ya Kristo kwa njia moja tu. Linatumia picha nyingi kutoka mahakamani, sokoni, hekaluni, vitani na nyumbani. Tutazame nne.

Ya kwanza ni ukombozi. Mtu akiweka shamba lake rehani, hawezi kulilima kwa uhuru mpaka likombolewe. Mtu akitekwa, ndugu zake humkomboa. Hapa Kenya picha hii si ya vitabuni tu. Krapf na Rebmann walianzisha misheni ya Rabai, karibu na Mombasa, mwaka wa 1846. Miaka iliyofuata watumwa waliotoroka mabwana zao walikimbilia Rabai na vituo vingine vya misheni. Mwaka wa 1875 kijiji cha Frere Town kilianzishwa Mombasa kwa ajili ya watu waliotolewa utumwani. Lakini wale watoro wa Rabai waliishi kwa hofu, kwa maana bwana angeweza kutokea siku yoyote kudai mtu wake. Mwaka wa 1889 kampuni ya Kiingereza iliyosimamia pwani iliwalipa mabwana hao, na watoro zaidi ya elfu moja wakapewa hati za uhuru. Fikirini mtu aliyeshika karatasi ile mkononi. Hakulipa hata senti moja. Lakini kuanzia siku hiyo, kama mtu angesimama mlangoni akimwita mtumwa wangu, angeweza kumjibu: sivyo tena.

Hata hivyo kila picha ina mpaka wake. Mabwana wale hawakuwa na haki ya kummiliki mtu, na wengine waliona uchungu kwamba wao ndio waliolipwa. Vivyo hivyo, tusiseme Mungu alimlipa shetani. Katika karne ya nne mwalimu aitwaye Gregory wa Nazianzus aliuliza bei ililipwa kwa nani, akakataa kabisa kwamba mnyang'anyi anaweza kustahili malipo. Picha inatuambia uhuru wetu uligharimu, na gharama haikutoka mfukoni mwetu. Tuishie hapo.

Ya pili ni deni. Hapa wanakikundi mna elimu kuliko wanafunzi wengi wa vyuo. Katika Mathayo sura ya 18 Yesu alieleza habari za mtumishi aliyedaiwa talanta 10,000. Talanta moja ilikuwa kama dinari 6,000, na dinari moja ilikuwa mshahara wa kibarua kwa siku moja. Pigeni hesabu: ni mshahara wa siku milioni 60, yaani zaidi ya miaka 160,000 bila kupumzika hata Jumapili. Deni la namna hiyo halilipiki. Mfalme akalisamehe lote.

Sasa tuulize: deni likisamehewa, linakwenda wapi? Tuseme kikundi chenu kina watu 20, na mwanachama mmoja ameshindwa kabisa kulipa shilingi 5,000. Mkaamua kumsamehe. Je, zile 5,000 zimerudi? Hapana! Kila mmoja wenu amepoteza shilingi 250. Deni lililosamehewa halipotei hewani. Anayesamehe ndiye anayelibeba. Hiyo ndiyo sababu kusamehe kunauma.

Msalaba tuutazame kwa jicho hilo. Watu huuliza: kwa nini Mungu asisamehe tu, bila msalaba? Jibu ni kwamba hakuna kusamehe tu. Lazima mtu abebe. Ndipo tunapoona kwa nini Athanasius alikubali kufukuzwa mara tano. Kama Yesu ni kiumbe tu, mtu mwema wa pembeni, basi Mungu alimkamata asiye na hatia akamlipisha deni la wengine, na huo ni uonevu. Chifu akifanya hivyo tungemshitaki. Lakini kama katika Kristo Mungu mwenyewe ndiye aliyekuja, basi Mwenye kudai ndiye aliyebeba hasara. Hakumtwika mtu mwingine. Mafundisho juu ya yeye ni nani yanalinda mafundisho juu ya alichofanya.

Ya tatu ni upatanisho. Familia mbili zikigombana mpaka wa shamba, wazee hutafuta mpatanishi. Je, mpatanishi mzuri ni nani? Ni yule anayeaminiwa na pande zote mbili. Akiwa wa upande mmoja tu, kesi haiishi. Mambo ya Kalkedonia yanayoonekana magumu kumbe ndiyo haya. Daraja lazima lishike ng'ambo zote mbili za mto. Yesu ni mtu kweli, kwa hiyo anafika upande wetu. Ni Mungu kweli, kwa hiyo anafika upande wa pili. Daraja linaloishia katikati ya mto ni hatari kuliko kukosa daraja.

Ya nne ni ushindi. Wakristo wa karne za kwanza walipenda sana picha hii: Kristo aliingia katika ngome ya mauti akaivunja kutoka ndani. Paulo aliwaandikia Wakorintho, miaka kama 25 hivi baada ya msalaba, kwamba Kristo alifufuka na kuonekana na watu wengi, kati yao zaidi ya 500 kwa wakati mmoja, ambao wengi wao walikuwa bado hai wakati akiandika. Ni kana kwamba anawaambia: mkitaka, nendeni mkawaulize. Bila ufufuo, msalaba ungekuwa msiba mwingine wa mtu mwema aliyeuawa na serikali, na misiba ya namna hiyo tunayo ya kutosha. Kwa wale wanaoishi kwa kuogopa uchawi, laana na mapepo, picha hii ni habari njema sana. Hatusemi maovu hayako. Twasema yameshindwa.

Walimu wa Afrika wameongeza sauti yao pia. Padre Charles Nyamiti, Mtanzania aliyefundisha miaka mingi Nairobi, mwaka wa 1984 alitoa kitabu kinachomwita Kristo Mhenga wetu, yaani yule wa ukoo ambaye ametangulia, anayetuunganisha na chanzo cha uhai na asiyetusahau. Wengine wamependelea kumwita Kaka Mkubwa, kwa kuwa Paulo anamwita mzaliwa wa kwanza kati ya ndugu wengi. Katika nyumba nyingi za kwetu mzaliwa wa kwanza ndiye anayeitwa kwenye baraza wadogo wake wakikosa, na ndiye anayebeba madeni ya baba. Majina hayo nayo yana mipaka, kwa maana wahenga wetu walikuwa viumbe kama sisi, tena hawakufufuka. Lakini yanatusaidia kuona kwamba neno wetu halina utani. Yeye ni wa jamaa yetu.

BASI INATUHUSU NINI SISI WA VIKUNDI?

Kwanza, inamlinda yule mama mjane. Kama kazi ya Kristo ilikamilika mara moja, hakuna mtu mwenye mamlaka ya kutuuzia sehemu iliyobaki, iwe kwa mafuta, kitambaa, maji, au mbegu ya imani. Kutoa sadaka ni jambo jema, nasi tunalihimiza. Lakini sadaka ni shukrani, si malipo. Anayesema baraka ya msalaba itatolewa baada ya mbuzi kufika, anauza kisichokuwa chake. Kina mama, semezaneni juu ya jambo hili kabla siku ya soko haijafika.

Pili, inatufundisha namna ya kumtendea mwenye deni. Yule mtumishi aliyesamehewa alitoka nje akamkaba mwenzake aliyemdai dinari 100. Tuangalie vizuri: dinari 100 ni mshahara wa siku 100. Si kidogo! Yesu hakusema madeni kati yetu ni mchezo. Fedha za kikundi ni jasho la wengi, na vitabu lazima viandikwe sawasawa. Mwenye uwezo wa kulipa alipe, hata kama ni kidogo kidogo. Lakini kudai ni jambo moja na kumkaba mtu koo ni jingine. Kuna vikundi vinavyotangaza jina la mdaiwa sokoni, au vinavyong'oa mabati ya nyumba watoto wakiwa ndani. Mkutano uliofunguliwa kwa jina la Yesu hauwezi kumalizika hivyo. Tumtembelee kwanza. Tumsikilize. Tupange upya malipo. Na ikiwa tumeamua kusamehe, tuamue pamoja, kwa kura na kwa maandishi, tukijua kila mmoja anabeba kiasi gani.

Tatu, inamrudisha aliyejificha. Ndugu, dada, kama wewe ndiye uliyeacha kuja kwa sababu ya deni au aibu nyingine, elewa kwamba Mungu alishuka mpaka Nazareti kukutafuta. Kitabu cha mweka hazina kina haki ya kukudai pesa. Hakina haki ya kusema wewe ni nani.

Nne, inatufundisha maana ya kutumia jina la mtu. Mweka hazina akienda benki hutia sahihi kwa jina la kikundi. Akitumia jina hilo kwa mambo yake binafsi, ametuibia, hata kama sahihi ni yake. Vivyo hivyo kuomba kwa jina la Yesu si mhuri wa kubandika mwisho wa sala ili ombi lipite. Ni kusema kwamba tunakuja kwa ruhusa yake, kwa ajili ya mambo anayoyataka yeye. Kabla ya kusema amina, tujiulize kama agenda ya siku hiyo ingeweza kutiwa sahihi naye.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Mkitumia maneno yenu wenyewe na lugha ya nyumbani, mtamwelezaje mtoto wa miaka kumi maana ya neno Kristo?

2. Kati ya picha nne (ukombozi, deni, upatanisho, ushindi), ni ipi inayoeleweka zaidi hapa kijijini kwenu? Ipi ina mpaka ambao mnauona haraka?

3. Je, kuna mwanachama ambaye hajaonekana kwa muda? Nani atamtembelea wiki hii, na atamwambia nini?

4. Someni Mathayo 18 kuanzia mstari wa 21 hadi mwisho. Kisha tazameni kanuni za kikundi chenu kuhusu mikopo. Ni kanuni gani ingefaa ibadilishwe, na ni ipi ni nzuri ibaki?

Tungefurahi kusikia mlivyojadiliana. Andikeni majibu yenu kwa ufupi, mkabidhi mratibu wa eneo lenu anapowatembelea, naye atatufikishia. Mungu wa amani awalinde ninyi, nyumba zenu na mashamba yenu, kwa jina la Yesu Kristo Bwana wetu.